Aliyeitikia kwa Mlango

Ngo.

Mara moja tu, kisha kimya. Ilikuwa sauti ya kifundo cha kidole juu ya mbao, si kubwa wala si ndogo, sauti ya mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba lakini anataka wajue kwamba yupo.

"Nimesikia," akasema Twaiba, macho ameyafumba. "Lala."

Aliyasema hayo kwa sauti yake ya kazini, sauti bapa isiyopanda wala kushuka, na usingizi ulikuwa umeanza kumchukua tena alipokumbuka kwamba hakuwa kazini. Alikuwa nyumbani kwao Mwabungo, juu ya kitanda chake, chini ya chandarua chake, na chumba chake hakikuwa na mlango wa mbao. Kilikuwa na pazia.

Akafumbua macho. Pazia lilikuwa limetulia. Hanifa, binti yake, alikuwa amelala ubavuni mwake, uso ameuelekeza ukutani, mkono mmoja ameuinua hewani na vidole amevikunja, kama mtu aliyesahau kuushusha.

"Twaiba." Ilikuwa sauti ya mama yake, Bi Mbeyu, kutoka chumba cha pili, ya chini kabisa. "Umemwitikia nani?"

"Si mtu, mama. Nilikuwa naota."

"Nami nimesikia. Imegonga mara moja."

"Labda ni panya."

"Panya hagongi akangoja jibu. Binadamu hubisha hodi mara tatu, mwanangu. Akibisha mara moja, usimwitikie. Nilikufunza hayo ungali mdogo."

Twaiba aliushusha mkono wa mtoto, akaufunika shuka. Ulikuwa na baridi ya kitasa cha chuma alfajiri.

Asubuhi Bi Mbeyu alipika chai, akaikaanga mihogo ya jana. Hanifa alikuwa uani, amesimama mbele ya mlango wa bati wa choo, viatu vya shule miguuni, anautazama mlango kwa karibu sana.

"Hanifa! Njoo unywe chai!"

Mtoto hakugeuka. Alikunja kidole, akaligonga bati. Ngo.

"Ajabu ya mtoto huyu," Bi Mbeyu akasema. "Unaitwa na nyanyako unagonga choo? Sema bee!"

Hanifa akageuka, akamtazama nyanya yake kwa upole, kama anayemtazama mtu anayesema lugha ya mbali. Kisha akagonga tena.

*

Twaiba alikuwa muuguzi katika hospitali ya Mvinjeni, ndani ndani, njia ya kuelekea Msambweni. Wodi yake watu waliiita Makufuli. Humo waliletwa wagonjwa wa akili waliotumwa na mahakama, waliopiga, waliochoma, waliotaka kujidhuru, na wale ambao jamaa zao walikuwa wamechoka. Ilijengwa kwa wachache, ikabeba wengi. Wauguzi nao walipungua mmoja mmoja. Wa kwanza alivunjwa taya, akahama. Wa pili alipata kazi Uarabuni. Wa tatu alianza kulia asubuhi moja wakati wa kugawa dawa, akalia mpaka mchana, akachukua mkoba wake, wala hakuonekana tena. Kila alipoondoka mtu, waliobaki waliomba mbadala, na kila walipoomba waliambiwa wavumilie.

Twaiba alivumilia. Alitoka zamu ya mchana akaingia ya usiku. Kuchoka kwa mwili alikujua tangu zamani, lakini huku kulikuwa kuchoka kwingine. Mgonjwa alimlilia, naye akawa anautazama mdomo wake unavyofunguka na kufungika, kama anavyotazama samaki ndani ya ndoo. Hakuwa na hasira. Hakuwa na huruma. Hakuwa na kitu.

Mwisho wa ujia wa wodi kulikuwa na vyumba vya kutengwa, vyenye milango mizito ya mbao na tundu dogo la kuchungulia. Kanuni ilikuwa nyepesi. Muuguzi ainuke, aende mpaka mlangoni, achungulie, amwite mgonjwa kwa jina lake, na mgonjwa aitike. Hivyo hivyo usiku kucha. Lakini ule ujia ulikuwa mrefu, miguu ilikuwa imevimba, na usiku mmoja mtu fulani akaona njia rahisi. Baadaye wote walisema hawakumbuki nani aliyeanza. Twaiba alikumbuka vizuri sana. Ni yeye.

Katika chumba cha mwisho alikuwa kijana mmoja kutoka Samburu, mpakiaji wa malori, mwenye kifafa juu ya maradhi yake mengine, na kwa sababu hiyo ndiye aliyestahili kutazamwa kuliko wote.

"Sikiza," Twaiba alimwambia kupitia tundu. "Tukikuita kutoka mezani, wewe gonga mlango mara moja. Ukigonga, tutajua u mzima. Sawa?"

Yule kijana alicheka. Alikuwa na meno mazuri. "Na siku mkilisahau jina langu, Sista, nigonge mara ngapi?"

Twaiba naye alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kumchekea.

Kwani jina lake walilisahau kweli, au tuseme waliliacha. Ilikuwa rahisi zaidi kuita, "Wa Mwisho!" kutoka mezani, kichwa kimeegemea mkono, na kusikia ngo kutoka gizani, na kujibu, "Nimesikia." Wa Mwisho! Ngo. Nimesikia. Majuma yakapita hivyo. Ikawa kama kupumua.

Kisha alfajiri moja Japheth, msaidizi wa wodi, alikwenda na sufuria ya uji, akafungua mlango wa mwisho, na uji ukamwagika ujia mzima.

Mama yake kijana alishuka kutoka Samburu siku ya pili. Alikuwa mwanamke mwembamba, mguuni ana kandambili za rangi mbalimbali. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alisimama mbele ya Twaiba, nje ya chumba cha maiti, akamwuliza neno moja tu.

"Usiku ule, ulimwita jina lake akaitika?"

Twaiba alimtazama. Akayaona macho yale yanavyomsubiri.

"Nilimwita, mama. Akaitika naam."

Mama akashusha pumzi. "Mungu akubariki, mwanangu," akasema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, naye Twaiba akaitikia amina.

Tangu hapo Twaiba hakuweza kulitamka lile jina. Halikuwa jina gumu. Lakini kila lilipomjia ulimini, ulimi ulikauka, naye akasema "yule," au "marehemu," au akanyamaza.

*

Hanifa hakusema neno siku ile aliyogonga choo, wala siku iliyofuata. Mwalimu Judy alipiga simu kutoka shuleni.

"Mama Hanifa, sijui kama kuna tatizo nyumbani. Nikimwita jina hashtuki. Anagonga tu dawati. Watoto walikuwa wanacheka. Leo hawacheki."

Twaiba alimpeleka kwa daktari. Masikio mazima, koo zima. Daktari akamwangalia mama badala ya mtoto, akamwambia, "Sista, wewe unalala saa ngapi?"

Njiani kurudi, ndani ya tuktuk, Twaiba alijipatia sababu, nayo ikampoza kidogo. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akirudi kutoka zamu, akajitupa kitandani na sare mwilini, na kumwuliza mtoto kupitia pazia, "Hanifa, upo? Gonga ukutani kama upo." Mtoto alikuwa akigonga. Naye alikuwa akisema, "Nimesikia," na kulala. Basi ni mchezo tu. Mtoto ameshika mazoea ya mamake, yataisha.

Jioni harufu ikaingia nyumbani.

Bi Mbeyu alidhani choo kimejaa. Akamwaga majivu, akafukiza ubani. Lakini Twaiba aliijua harufu ile tangu alipovuka kizingiti: sabuni ya dawa, mkojo wa jana, uji ulioganda, na chini ya hayo yote jasho la mtu aliyefungiwa muda mrefu. Harufu ya ujia wa Makufuli. Ilitoka nyweleni mwa Hanifa.

Usiku ule zamu ilikuwa yake na Japheth. Japheth alikuwa mtu wa bara, kijana mwenye kifua kipana aliyezoea kuimba akipiga deki. Siku hizi hakuimba. Kile chumba cha mwisho kilikuwa kimegeuzwa stoo ya magodoro, na kiti chake Japheth alikuwa amekigeuza, akikipa mgongo.

"Japheth," Twaiba akanong'ona. "Wewe husikia kitu huku?"

Japheth hakuinua macho. "Sista, tafadhali. Usianze."

"Nakuuliza tu."

"Unaniuliza kama husikii?" Akamsogelea, sauti imeshuka mpaka ikawa pumzi. "Magodoro yanagonga, Sista. Magodoro! Mi nimeomba kazi ya askari huko Diani, kwa hoteli. Hata wakinilipa nusu, naenda. Afadhali nilinde swimming pool."

"Ni mawazo. Tumechoka."

"Tumechoka, ndio. Lakini wewe ulisikia vile daktari alisema ile asubuhi. Ulikuwa hapo."

"Japheth."

"Alisema kijana alikuwa ameshakauka. Amekufa kitambo, kabla hata ya usiku wa manane. Mkono ulikuwa umekataa kukunjwa. Na sisi tuliita mpaka adhana ya alfajiri. Tuliita, ikagonga. Tukaita, ikagonga. Sasa niambie, Sista. Nani alikuwa anatujibu?"

Swali lile Twaiba alikuwa amelala nalo kitanda kimoja tangu siku ile. Alikumbuka kila ngo ya usiku ule. Mwanzoni zilikuja nyingi, za haraka, za mtu anayehitaji msaada, naye akapaza sauti, "Nimesikia! Lala!" Kisha ikaja moja nzito, kama kichwa kinapoangukia mbao. Kisha kimya kirefu. Kisha yeye, nusu usingizini, akaita, "Wa Mwisho!" na kutoka gizani ikamjibu ngo nadhifu, tulivu, ya adabu kupita zote alizowahi kusikia. Alikuwa amefurahi. Alikuwa amesema, "Vizuri, nimesikia," akalaza kichwa mezani.

"Mama yake tulimwambia aliitika," Japheth akasema.

"Mimi ndiye niliyemwambia."

"Nami nilikuwa nimesimama hapo. Nikanyamaza."

*

Majuma mawili baadaye mdomo wa Hanifa ulianza kufutika.

Twaiba aliliona hilo akimnawisha uso. Mwanzo alidhani ni ukavu, akampaka mafuta. Lakini midomo ya mtoto ilikuwa inashikana kutoka pembeni, polepole, ngozi kwa ngozi, kama kidonda kinavyofunga, na mstari uliokuwa ukitenganisha wa juu na wa chini ulikuwa unakuwa mfupi kila kukicha. Hanifa alikula uji mwepesi, kisha maziwa, kisha maziwa kwa mrija. Hakulia. Alimtazama mamake kwa yale macho ya upole, akagonga kikombe.

Usiku umeme ulikatika. Twaiba alikuwa amelala, mkono wake juu ya kifua cha mtoto ili asikie pumzi zake, na ndani ya giza lile lenye harufu ya sabuni ya dawa na jasho akaita kwa sauti ndogo, "Hanifa," akangoja, na ile ngo ikaja, lakini haikuja kutoka ukutani, wala kwenye kitanda, wala kwenye dirisha, ilikuja kutoka chini ya kiganja chake mwenyewe, kutoka ndani ya mbavu za mtoto, kana kwamba kuna mtu aliyesimama upande wa pili wa kifua kile kama mtu anavyosimama nyuma ya mlango uliofungwa, ameegemeza paji lake la uso juu ya mbao na kusubiri, mwenye subira, mwenye adabu, anayejua kwamba ataitwa tena na ataitikia tena, usiku huu na kesho na keshokutwa, mpaka siku itakapofika ambapo nyuma ya mlango hamna mtoto tena, kuna kuitikia peke yake.

Hakupiga kelele. Aliuuma mto.

Asubuhi Bi Mbeyu alikuwa ameshavaa buibui. "Madaktari wako umewapa nafasi yao," akasema. "Sasa niachie mimi."

*

Mzee Boga, mganga, alikuja na mkoba wa ukindu, chetezo, chupa za marashi, kitambaa chekundu na kuku mwekundu aliyefungwa miguu. Alikuwa mtu mnene, mwenye kikohozi na haraka. Alimketisha Hanifa juu ya kigoda, akamfunika kitambaa, akafukiza udi mpaka macho ya wote yakawasha.

"Kiti ni huyu mtoto," akasema. "Sasa tumjue aliyekikalia. Ewe uliyemo, umetoka wapi? Bahari? Mzimu? Jina lako nani?"

Ngo.

"Wataka marashi?"

Kimya.

"Wataka damu?"

Kimya. Kuku alijinyea. Ndipo simu ya mganga ikalia ndani ya kanzu yake, kaswida kwa sauti kubwa. "Samahanini," akasema, akaitoa. "Niko kazini, mama watoto! Unga upo chini ya kitanda!" Akaizima, akafuta jasho, akaanza tena. Alisoma, akapuliza, akanyunyiza marashi. Aliita majina ya majini aliyowajua, wa pwani na wa bara, wa kiume na wa kike. Kila jina lilipita bila jibu. Ila kila aliponyamaza kupumua, Twaiba, bila kukusudia, kwa mazoea tu, alinong'ona, "Hanifa?" na kila aliponong'ona, ikagonga.

Mzee Boga akaweka chini chetezo. Akamtazama Twaiba muda mrefu.

"Huyu hanijibu mimi," akasema. "Anakujibu wewe. Nimepunga wengi. Kila jini ana anachokitaka. Huyu hataki kitu. Mama, wewe unamjua."

Basi Twaiba akasema. Alisema akiwa amekaa chini, mgongo ukutani, bila kumtazama mamake. Alieleza habari ya ujia mrefu na miguu iliyovimba, habari ya mlango na yale makubaliano, na zile ngo zilizoendelea baada ya mtu kuwa maiti. Bi Mbeyu alisikiza, mkono kinywani.

"Twaiba," akasema mwishowe. "Mlimfunza binadamu kubisha kama jini?"

"Tulikuwa tumechoka, mama."

"Na kilipokujibu, ukakiitikia."

"Nilikishukuru."

Mzee Boga alikohoa, lakini safari hii alikohoa kama mtu anayetafuta nafasi ya kufikiri.

"Mliomba mtu wa kuwasaidia kazi," akasema taratibu. "Mkampata. Kazi yake ni kuitikia mahali pa mtu ambaye haitwi. Hana ubaya wala wema. Mmemwajiri, naye anaifanya. Ulipomfunza mtoto wako kugonga, ulimwonyesha nyumba ya pili."

"Mtoe, Mzee Boga. Nakuomba."

"Simtoi mimi. Aachishwe na aliyemwajiri. Yule kijana hukumwita jina lake. Mwite. Lakini si hapa. Mama yake ulimpa uongo, basi mbele yake uuchukue, na mbele yake umwite. Haraka, mama. Mdomo ukishafunga wote, pale hamna wa kumrudisha."

"Nikisema, nitafukuzwa kazi. Naweza kushtakiwa."

"Waweza," akasema Mzee Boga, akamfungua kuku miguu.

*

Japheth aliazima Probox ya shemeji yake. Hakuuliza mengi. "Nami nilinyamaza, Sista," akasema, "kwa hivyo naendesha." Walipita Kwale, wakapita Kinango, minazi ikawaacha, ardhi ikawa nyekundu na kavu. Hanifa alikaa nyuma amefungwa mtandio usoni. Chini ya mtandio, nafasi iliyobaki ingetosha kupitisha mrija tu.

Walifika Samburu jua liko utosini. Malori yalikuwa yameegeshwa kando ya barabara kuu, mbuzi wamejilaza kwenye vivuli vyake. Nyumba ya mama yake kijana, aliyeitwa Sidi kwa jina lake mwenyewe na Mama Sidi kwa heshima, ilikuwa nyuma kidogo, ya udongo, na mlango wake ulikuwa umeundwa kwa mbao za makreti. Alikuwa akipima maziwa ya mbuzi kuwauzia madereva. Alipomwona Twaiba, aliweka kibaba chini.

"Shikamoo, mama," Twaiba akasema.

"Marahaba, mayo, mama. Wewe ndiwe sista." Uso wake ukafunguka. "Wewe ndiwe uliyekuwa naye! Karibuni, karibuni. Umekuja na mwanao? Mbona amejifunga hivyo na joto hili? Kaeni."

Aliwapa vigoda na maji. Akaketi mbele yao, mikono juu ya magoti, akimtazama Twaiba kama anavyotazamwa mtu aliyeleta zawadi.

"Nimewaambia hata wenzangu wa kanisa," akasema. "Mwanangu alisumbuka sana, alifungwa kamba na ami zake, alipigwa mawe barabarani hapo. Lakini hakufa kama mnyama. Usiku wa mwisho aliitwa jina lake, akaitika naam. Usingizi ukinikataa, hilo ndilo ninalolishika. Sina kingine, mayo."

Japheth aligeuza uso akatazama malori.

Twaiba angeweza kunywa maji yale, aage, aondoke. Mwanamke huyu alikuwa na kitu kimoja tu duniani, naye amekuja kukichukua. Akamtazama Hanifa. Mtandio ulikuwa umelegea. Pale palipokuwa na mdomo, ngozi ilikuwa laini, nzima, na kitundu kidogo kilichobaki kilikuwa kinavuta hewa kwa mluzi mwembamba.

Mtoto akainuka, akaenda mpaka kwenye mlango wa makreti. Akakunja kidole.

Ngo.

Mama Sidi alishtuka. "Mtoto ana nini?"

"Mama," Twaiba akasema, akateremka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye mchanga. "Nilikudanganya."

"Wasema nini?"

"Usiku ule sikwenda mlangoni. Nilikaa mezani. Alikuwa akigonga, akigonga, na mimi nikamwambia alale. Hakuitika naam, mama."

Mama Sidi hakusogea. "Hakuitika."

"Hakuitwa."

Lori moja liliwasha injini, likaizima. Mama Sidi alikuwa akiitazama mikono yake.

"Mlikuwa mkimwitaje, basi? Mbwa huitwa jina. Nyinyi mlimwitaje mwanangu?"

"Tulimwita Wa Mwisho. Chumba chake kilikuwa cha mwisho."

"Ni kifungua mimba wangu," Mama Sidi akasema. Alilisema kwa utulivu, na utulivu ule ulikuwa mzito kuliko kofi. "Nilikushika mkono. Nikakuombea baraka kwa Mungu, nawe ukaitikia amina."

"Ndiyo, mama. Unifanyie utakalo. Nipeleke kwa polisi, nitakwenda kwa miguu yangu. Lakini kilichokuwa kikigonga baada yake kimemwingia mwanangu."

Ngo, ukasema mlango wa makreti. Na safari hii haikuwa moja. Likajibu debe la maziwa, ngo. Likajibu bati la paa juu yao, ngo, na ubavu wa lori barabarani, na mlango wa Probox, na kila kitu chenye uwazi ndani yake mchana ule mweupe kikaanza kuitikia, mbali na karibu, kwa adabu ileile, kama wodi nzima inayohesabiwa, na mbuzi wakainuka wote kwa pamoja wakasimama, na katikati ya sauti ile Hanifa alikuwa ameegemeza paji lake juu ya mbao, na mluzi wa pumzi yake ukawa mwembamba, ukakatika, ukaja, ukakatika.

"Sista!" Japheth akalia. "Mtoto hapumui!"

Mama Sidi alikuwa amesimama. Machozi yalimtoka bila uso kukunjamana. Alimtazama mtoto wa mwenzake pale mlangoni, akamtazama Twaiba.

"Mimi jina lake nimeliita tangu nilipompakata," akasema. "Siliiti leo. Inuka. Nenda mpaka mlangoni, mwite wewe."

Twaiba akainuka. Hatua zilikuwa chache, lakini kila moja ilikuwa ya ule ujia aliokataa kuupita, na miguu ilimwuma vilevile, na ulimi ulikuwa mkavu vilevile, umelala kinywani kama kitu kisicho chake. Alifika. Akamgeuza mtoto polepole, akamshika mashavu yake baridi, akayatazama yale macho ya upole yasiyokuwa ya Hanifa. Hakupaza sauti kutoka mbali. Aliinama mpaka pumzi zao zikagusana.

"Chome," akaita Twaiba. "Chome, mwana wa Sidi." Hapo kugonga kote kukakoma, na chini ya viganja vyake kile kitundu kikavuta pumzi ndefu.